Nusu Sekunde ya Sid

Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz, maktaba ya kubana mafaili, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri. Hakuwa akisaka wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye Sid, tawi lisilo thabiti la mfumo endeshi wa Debian, akaona SSH, huduma ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, inakula kichakataji kupita kawaida: jaribio la kuingia lililochukua takriban sekunde 0.3 sasa lilichukua 0.8. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia Sid na tawi la majaribio. Bookworm, toleo thabiti la wakati huo, lilikuwa bado na 5.4.1, halikuguswa.

Wengi walihitimisha kwamba tawi thabiti ndilo salama. Hiyo ni nusu ya somo. Uthabiti kwa Debian maana yake ni kutobadilika, si kutokuwa na kasoro: toleo likishatoka, vifurushi vyake kwa kawaida hubaki na namba zilezile kwa miaka, na tatizo la usalama likijitokeza, kiraka peke yake hushonewa kwenye programu ya zamani. Kilichoikinga Bookworm ni kuchelewa, na kuchelewa huchuja kosa linalojionyesha tu. Tazama OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche. Mwaka 2006 badiliko dogo lililofanywa ndani ya Debian lilikausha chanzo cha bahati nasibu, hata kitu pekee kilichotofautisha funguo za siri kikawa namba ya mchakato, isiyozidi 32,768. Funguo dhaifu hazichelewi kufungua, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kosa likapita Sid, likapita majaribio, likatulia ndani ya Etch, toleo thabiti la Aprili 2007, hadi lilipofichuliwa Mei 2008.

Ndiyo maana tawi la majaribio, lililo katikati ya Sid na thabiti, ambalo wengi hulichagua kwa kudhani wamepata wastani mzuri, ndilo ninalolitilia shaka zaidi. Kifurushi hukaa Sid siku chache, kwa kawaida kati ya 2 na 10, na kisipopata hitilafu mpya nzito huvuka. Siku hizo hazikutosha kuinasa xz. Kibaya zaidi, kiraka cha usalama nacho mara nyingi husubiri foleni hiyohiyo. Mtumiaji hubeba hatari ya kipya na uchelewaji wa kikongwe kwa pamoja. Tawi hili linapendeza karibu na toleo jipya, milango ya mabadiliko ikishafungwa. Kabla ya hapo seva ikae kwenye thabiti.

Atauliza mwenye laptopu mpya ambayo Wi-Fi yake haitambuliki: nami je? Hazina ya backports humpa kerneli mpya bila kuhamisha mfumo mzima. Pingamizi zito ni jingine: tukikimbilia thabiti sote, nani ataona ile nusu sekunde? Ni kweli, na jibu ni kwamba Sid ina wenyewe. Imepewa jina la mtoto avunjaye midoli katika filamu ya Toy Story, nayo inamfaa anayeweza kupima, kusoma msimbo na kuripoti. Asiyeweza huumia bila kumsaidia yeyote.

Hata huko Sid, dawa ya xz ilikuwa kurudi nyuma. Kwa kuwa namba za matoleo ya vifurushi vya Debian hazishuki, kifurushi kipya kilichotolewa kiliitwa 5.6.1+really5.4.5-1.