Tuta Limezika Nyasi

Ushairi wa Kiswahili ulijifunza majira kutoka baharini. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwaka 1776 hivi hadi 1840, alitunga katika mji ambao kaskazi ilileta majahazi na kusi ikayarudisha. Mapenzi nayo yalifuata ratiba hiyo. Mume aliyeondoka na upepo hakurudi mpaka upepo ugeuke. Mtunzi wa mji kama huo ana bahati: akiutaja upepo tu, wasikilizaji wameshajua nani hayupo, tangu lini, na imebaki miezi mingapi. Machozi hayahitaji kuandikwa.

Huo ndio ufundi unaostahili sifa katika shairi na hadithi fupi za mapenzi na msiba: kuyabebesha majira lile ambalo likisemwa waziwazi huchuja.

Sasa panda mpaka Mpui, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Laela na Tunduma. Hapa ni uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja, kiasi cha mita 1,000 chini, liko Ziwa Tanganyika. Upande wa pili, chini vilevile, liko Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea na hupanuka na kusinyaa kadiri mvua inavyotaka. Vuli na masika za pwani hazigawanyiki huku. Mvua ni moja, huanza Novemba ikaisha Aprili, na baada yake huja baridi ya Juni na Julai inayowafanya watu wajikunyate barazani. Mshairi wa Mpui anayeandika kwamba kusi inavuma amevaa kanzu ya kuazima.

Na ya nini kuazima? Ufipa ina majira yake, na yamo katika jembe. Mvua zikielekea ukingoni, udongo ungali laini, mkulima wa jadi hukata nyasi na udongo wake akavifunika pamoja, akajenga matuta ya duara yaitwayo ntumba. Nyasi huoza humo ndani taratibu. Juu yake hupandwa maharage. Mvua za msimu unaofuata zikifika, matuta yale hubomolewa, mbolea ikatawanywa shambani na ulezi ukamwagwa. Kuzika, kungoja, kufukua, kupanda: mambo manne ambayo washairi wa dunia nzima huyahangaikia, na mkulima wa Ufipa huyatenda kwa jembe lile lile bila kuyaita ushairi.

Tuseme basi mtunzi wa huko aanze hivi: tuta limezika nyasi, mvua haijarejea. Mizani 16, nane ukwapi na nane utao, kama kanuni inavyodai. Hakuna maiti iliyotajwa, wala mjane, wala kaburi. Lakini yeyote aliyewahi kushika jembe anasikia kwamba kuna kilichofunikwa na kuna kinachongojwa. Shida inaanzia mshororo wa pili. Kina cha kati ni “si”, na neno la kwanza kubisha hodi litakuwa “wasiwasi”. Limeshazoea kuitwa. Fundi mzuri humwacha mgeni huyo nje, akasubiri neno la pili au la tatu, hata kama shairi litalala siku kadhaa. Subira hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo msomaji haioni.

Wapo wanaosema vina na mizani ni pingu kwa mtu mwenye huzuni. Shaaban Robert aliwajibu kwa vitendo. Alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi la kanuni, akahesabu silabi zake barabara, na katika huzuni ile akamfananisha marehemu na ua lililochanua kisha likafunga. Majira tena, ila safari hii yamefinywa yakaingia katika ua moja. Hesabu ya mizani haikupunguza kilio. Ilikizuia tu kisimwagike.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichagua njia nyingine. Diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 iliacha vina, na ugomvi uliofuata kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko uliwapa wahakiki ajira ya muda mrefu. Kwa suala letu ugomvi ule si mkubwa sana. Asiyehesabu silabi bado anapaswa kuchagua kati ya kusema “nina huzuni” na kuonyesha shamba.

Hadithi fupi ni jambo jingine, na Ufipa si mgeni nayo. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, alichapa mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa, There Was a Certain Man. Mtu fulani, basi. Hapewi ukoo mrefu wala sura ya kuchorwa, na mara ameshaingia taabuni. Waandishi wanaojaza ukurasa wa kwanza kwa machweo wangejifunza mengi hapo.

Shairi linaweza kusimama kwenye tuta lisiondoke. Hadithi lazima iende, na siku hizi majira ya Mpui yanakwenda na bei ya mahindi. Mavuno yakishauzwa ndipo posa hupelekwa, mahari hujadiliwa na harusi hupangwa. Bei ikianguka, kijana anayependa hana la kupeleka; anaweka magunia stoo akingoja bei ipande, na binti anangojeshwa pamoja na magunia. Mwandishi mzuri hatatuambia kama binti bado anapenda. Atatupa bei ya gunia mwezi Julai, bei ya Oktoba, na jina la basi alilopanda kwenda Mbeya.