Bandari ya Kuingilia na Bandari ya Kutokea: Mji wa Rhodes katika Vitabu Viwili

Utangulizi

Fasihi ya safari ina mazoea yake, na mojawapo ni kuuonyesha mji wa bandari kutoka baharini. Msimulizi husimama juu ya sitaha ya meli. Kuta na minara hujitokeza kidogo kidogo. Nanga hutiwa, na kisa huanza. Mazoea haya yameenea mno hivi kwamba ni rahisi kuyachukulia kuwa pambo la mandhari tu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mahali anaposimama msimulizi kuitazama bandari ni suala la maudhui. Swali la kwanza ambalo mhakiki hana budi kukiuliza kitabu cha aina hii ni hili: je, bandari yake ni ya kuingilia au ya kutokea?

Tutalijadili swali hilo kwa kuutazama mji wa Rhodes, ulioko katika kisiwa cha Ugiriki chenye jina hilo hilo. Vitabu tutakavyolinganisha ni Reflections on a Marine Venus cha Lawrence Durrell, kilichochapishwa mwaka wa 1953, na One Hundred Saturdays cha Michael Frank, kilichotoka mwaka wa 2022.

Mji na Wageni Wake

Msomaji wa Kiswahili si mgeni kabisa wa mji huu. Wasomaji wa Biblia wameukuta kwa jina la Rodo katika Matendo ya Mitume, ambamo Paulo anaupitia harakaharaka akiwa njiani kwenda Yerusalemu. Nao waliosoma tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, katika tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka wa 1963, wamekutana na kivuli chake. Pale Cassius anapomwonea Kaizari kijicho na kumfananisha na jitu lililotanua miguu, huku watu wadogo wakipita chini yake, taswira hiyo ina asili yake katika sanamu maarufu ya Rhodes.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya Helios, mungu wa jua. Chares wa Lindos aliikamilisha mnamo mwaka wa 280 K.K., kuadhimisha ushindi wa mji dhidi ya Demetrio aliyeuzingira mwaka wa 305 K.K. Iliangushwa na tetemeko la ardhi mnamo mwaka wa 226 K.K.; yaani haikudumu hata miaka sitini. Wataalamu wanakubaliana kwamba haikuweza kusimama imetanua miguu juu ya mlango wa bandari. Picha hiyo ilibuniwa karne nyingi baadaye na watu ambao hawakuiona sanamu. Hata hivyo, kwa mhakiki kosa hili lina mafunzo yake. Ni nani aliyelihitaji jitu lenye miguu pande mbili za mlango wa bandari? Ni yule anayeingia kwa meli. Ubunifu huo ni wa mgeni. Ulimwengu wote umeukubali, na mwenyeji hakuulizwa.

Leo mgeni anayefika katika bandari ya Mandraki huona nguzo mbili zenye sanamu za kulungu, mahali ambapo mapokeo yanadai miguu ya Helios ilisimama. Kwenye gati huona vinu vitatu vya upepo, na mwisho wa gati ngome ya Mtakatifu Nikola. Nyuma ya bandari ni mji wa kale na kuta zake zilizoimarishwa na askari watawa wa Mtakatifu Yohana, waliotawala kuanzia mwaka wa 1309 hadi 1522. Waliofuata ni Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, kisha Waitaliano mwaka wa 1912, Wajerumani mwaka wa 1943, Waingereza mwaka wa 1945, na hatimaye Ugiriki mwaka wa 1947. Mwaka wa 1988 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa ufupi, huu ni mji ambao wageni wake wengi waligeuka kuwa watawala, na watawala hao waliacha mawe. Mgeni wa leo huja kuyatazama mawe hayo.

Durrell: Afisa na Sanamu

Durrell alifika Rhodes mwaka wa 1945 akiwa afisa wa habari katika utawala wa Waingereza, akasimamia magazeti yaliyotolewa kwa Kigiriki, Kiitaliano na Kituruki. Aliondoka mwaka wa 1947. Kitabu chake kimejengwa juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba wapo watu wanaougua maradhi ya kupenda visiwa, na kwao kule kujua tu kwamba wamezungukwa na bahari ni ulevi tosha. Ya pili ni kwamba kila mahali pana roho yake, ambayo mwandishi stadi anaweza kuinasa.

Ishara kuu ya roho hiyo ni sanamu ya Zuhura iliyonaswa na nyavu za wavuvi, ikiwa imelainishwa na maji ya chumvi hata sura yake ikapoteza makali. Sanamu hiyo ilifichwa wakati wa vita, na Durrell anasimulia jinsi ilivyoinuliwa tena mbele ya macho yake na ya rafiki zake. Kifani, sehemu hii ni ya ustadi mkubwa: mwandishi ameweza kufanya kitu kimoja kibebe historia, bahari na matumaini ya baada ya vita kwa wakati mmoja. Hatuna sababu ya kumnyima sifa hiyo.

Lakini hebu tuwatazame wahusika. Gideon, Hoyle na Mills ni watu wa mzunguko wa utawala huo au marafiki wa mwandishi, na E. ni mwanamke kutoka Aleksandria ambaye Durrell alimwoa. Hao ndio wanaozungumza, wanaocheka na wanaokula pamoja. Wenyeji huja na kupita, wengi wao wakiwa na jambo moja la kuchekesha au la hekima. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kusoma kumbukumbu za maafisa wa kikoloni, ataitambua mara moja sauti hii: ni sauti ya mtu mwema aliye na ofisi, gari na muda wa kupenda nchi ya wengine.

Isitoshe, roho ya mahali inayowakilishwa na sanamu ina faida moja kwa mwandishi: sanamu haidai kitu. Haiulizi jirani zake wamekwenda wapi.

Mlango wa Pili

Swali hilo lilikuwa mbichi wakati huo. Upande wa mashariki wa mji wa kale, karibu na bandari ya biashara, kuna mtaa uliokuwa ukiitwa Juderia. Humo waliishi Wayahudi ambao wazee wao walifukuzwa Uhispania mwaka wa 1492, na ambao waliendelea kuzungumza Kiladino, yaani Kihispania cha wazee hao, kwa zaidi ya karne nne. Sinagogi lao la Kahal Shalom lilijengwa mwaka wa 1577 na lingali limesimama. Mwezi wa Julai mwaka wa 1944, Wajerumani waliwakusanya watu wapatao 1,700 wa jamii hiyo, wakawatembeza hadi bandarini na kuwapakia katika mashua za mizigo. Kutoka hapo walipelekwa Piraeus, kisha kwa garimoshi hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walionusurika walikuwa kama 150 tu. Durrell alishuka Rhodes kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu siku hiyo.

Hatusemi kwamba alipaswa kuandika kitabu kingine. Mwandishi ana haki ya kuchagua kisa chake. Tunachotaka kusisitiza ni kwamba anayedai kunasa roho ya mahali amejitwika mzigo mkubwa kuliko anayedai kusimulia miaka yake miwili ugenini. Wahusika wakuu wa kitabu chake hawana hata mmoja aliyetoka Juderia, na uzito wa simulizi umewekwa juu ya kile kilichoinuliwa kutoka baharini. Walioondolewa kwa njia hiyo hiyo ya bahari hawakupewa uzito huo. Bandari yake inafungua upande mmoja.

Kitabu cha Michael Frank kinaufungua upande wa pili. Stella Levi alizaliwa Juderia mwaka wa 1923 na alikuwa miongoni mwa waliotolewa mwaka wa 1944. Kwa miaka kadhaa Frank alimzuru nyumbani kwake New York siku za Jumamosi, akamsikiliza. Kwa hiyo hiki nacho ni kitabu cha kuzuru, ila mgeni hazuru bandari. Anamzuru mtu aliyetokea bandarini. Tofauti hii ndogo inabadilisha usimulizi mzima. Anayejua ni mwenyeji, na mgeni hawezi kusonga mbele mpaka aruhusiwe. Stella hakubali maisha yake yafupishwe yawe kisa cha kambi peke yake. Anaanza na mtaa, na shule ya Kiitaliano, na tiba za wanawake wazee, na kuogelea baharini. Kambi huja baadaye, mwenyewe anapokuwa tayari.

Mbinu hii ya kuchelewesha ina maana kubwa. Msomaji anafika bandarini mwezi wa Julai 1944 akiwa tayari anawajua watu wa mtaa kwa majina na kwa tabia. Kule Auschwitz, Wayahudi wengine waliwashuku hawa wa Rhodes kwa kuwa hawakujua Kiyidi. Lugha iliyowaunganisha kwa karne nne ikawafanya wageni hata miongoni mwa ndugu zao.

Kitabu hiki kina mipaka yake. Kinategemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na Wagiriki na Waturuki wa mji huo wanaonekana zaidi kupitia dirisha la Juderia. Lakini mipaka hiyo inajulikana, kwa kuwa msimulizi ana jina na mtaa. Hajifanyi roho ya mahali.

Tawi la Rhodes katika Nchi ya Kiswahili

Kuna jambo moja zaidi linalotugusa sisi. Tangu mapema katika karne ya 20, na hasa baada ya sheria za kibaguzi za Waitaliano za mwaka wa 1938, vijana wengi wa Juderia waliondoka kutafuta maisha kwingine. Baadhi yao walikwenda Kongo ya Wabelgiji, wakafanya biashara Elisabethville, leo Lubumbashi, mji ambao lugha yake ya sokoni na migodini ilikuwa Kiswahili. Walijenga sinagogi huko, na rabi wao wa miongo mingi, Moïse Levy, alikuwa amesomea chuo cha marabi cha Rhodes. Waliotumwa mbali kwa sababu ya umaskini ndio walionusurika, na waliobaki nyumbani ndio waliokwisha. Maana ya hili kwa mhakiki ni kwamba Rhodes haiishii kwenye kuta zake. Sehemu ya simulizi zake imesimuliwa katika nyumba za Katanga, na anayeutafuta mji huu gatini peke yake hataipata.

Hitimisho

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inachukulia kwamba mwenyeji yupo. Durrell alifika katika mji ambamo sehemu moja ya wenyeji ilikuwa imekwisha kuondolewa, akapokewa na sanamu. Frank alimfuata mwenyeji huko alikotupwa, akabisha hodi na kungoja. Wanafunzi wetu wasome vitabu vyote viwili, kwa kuwa cha kwanza kinafundisha jinsi ya kutazama na cha pili kinafundisha kusikiliza. Ila wavisome wakijua kwamba gati ni lile lile moja. Kila mara meli inapotia nanga katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha safari, mhakiki aulize ni nani waliopandishwa meli hapo awali, na walikwenda wapi.