Ufundi wa Kuikumbuka Safari ya Ujana

Safari ya ujana katika nchi za mbali haiishi siku msafiri anaporudi nyumbani. Huishia miaka mingi baadaye, pindi anapojaliwa wiki moja tulivu, kazi zimepungua na wageni hawapo, akatoa barua kuukuu na picha zilizofifia, akaanza kujiuliza ni nini hasa kilichompata kule. Wengi hudhani kwamba mtu akizeeka kumbukumbu humjia zenyewe bila kuziita. Nashikilia kinyume chake: kuikumbuka vyema safari ya ujana ni ufundi kamili, wenye zana, nidhamu na miiko yake. Unastahili kukaa safu moja na kushona kofia, kuchonga mbao na kazi nyingine ambazo watu huzifanya kwa kuzipenda, bila kutumwa na mtu.

Malighafi ya ufundi huu ni tele. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Rubin na wenzake walionyesha kwamba watu waliofikia utu uzima, wakitakiwa kutaja matukio ya maisha yao, ukiacha mambo ya juzi na jana, hurudi mno kwenye miaka ya ujana. Sababu moja inayotajwa ni kuwa umri huo umejaa mambo ya mara ya kwanza, na ugenini karibu kila kitu ni cha mara ya kwanza: baridi, sarafu, hata namna ya kuamkiana. Lakini wingi wa malighafi si kazi. Msukaji wa mkeka huuchana ukindu, akautia rangi, akasuka kili ndefu, kisha ndipo akazishona ubavu kwa ubavu. Asiyefika kwenye kushona ana mafungu ya ukili tu, hana pa kukalia. Wasafiri wengi wamebaki na kili hizo: kisa cha treni iliyowaacha, kisa cha theluji ya kwanza, visa visimuliwavyo kila harusi kwa maneno yale yale. Kushona kunataka utulivu, na hapo ndipo kazi za mikono zinapofaa katika wiki ile tulivu. Mkono unaorudia hatua zile zile huiachia akili nafasi ya kwenda mbali, na mtu aliyezoea kufumua palipokosewa haoni haya kulifumua simulizi lake mwenyewe.

Tazama kisa cha Mwingereza Patrick Leigh Fermor. Desemba 1933, akiwa na miaka 18, alianza kutembea kwa miguu kutoka Uholanzi kuelekea Istanbul. Mjini Munich mkoba wake uliibwa pamoja na shajara yake ya mwanzo. Shajara nyingine ilibaki Rumania vita vilipozuka, asiipate tena hadi 1965. Kitabu chake cha kwanza juu ya safari hiyo, A Time of Gifts, kilitoka 1977, cha pili 1986, na cha tatu alikiacha bila kukimaliza alipofariki 2011. Kuna atakayeuita ucheleweshaji huo uzembe. Kwangu ni kipimo cha uzito wa kazi. Kijana yule aliivuka Ujerumani katika mwaka wa kwanza wa utawala wa Hitler, akapokewa katika majumba ya makabaila wa Hungaria, asijue kwamba ulimwengu ule ulikuwa karibu kufutwa. Aliyeshika kalamu miaka zaidi ya 40 baadaye alijua. Kijana aliona, mzee akaelewa, na kitabu kiliwahitaji wote wawili.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumbukumbu hudanganya. Ni kweli. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha majaribio yake: Waingereza waliosomeshwa hadithi ya wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini waliisimulia kwa kuipinda ifanane na mambo waliyoyazoea, hata mitumbwi ikageuka mashua. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, lakini masimulizi yake yalikamilishwa kuandikwa mjini Fez mwaka 1355. Humo Kilwa ni mji wa mbao, ilhali magofu ya msikiti mkuu wa mawe, ulioanza kujengwa kabla yeye hajazaliwa, yangali Kilwa Kisiwani. Leigh Fermor naye alikiri kwamba kitabuni alijipandisha farasi katika nyanda za Hungaria kupita alivyopanda kweli. Hata hivyo kasoro hizi haziuvunji ufundi. Ndizo zinazotufunza kwamba upo. Kama kukumbuka kungekuwa kurudia tu, kusingekuwa na fundi hodari na fundi mlipuaji. Fundi hodari huilinganisha kumbukumbu yake na barua, ramani na maneno ya wenzake wa safari, kisha huweka mbali alichokiona, alichoambiwa na anachokisia. Na hata Ibn Battuta, pamoja na mbao zake, ametuachia ndizi na samaki wa Mombasa na ukarimu wa Sultani wa Kilwa, mambo ambayo mawe ya magofu hayawezi kuyasimulia.

Wengine watasema simu imeimaliza kazi hii, kwani siku hizi kijana hurudi na maelfu ya picha. Nawajibu kwa kisa cha Wangari Maathai, aliyeondoka Kenya mwaka 1960, akiwa na miaka 20, kwenda kusoma Kansas. Katika kitabu chake Unbowed, kilichotoka 2006, anasimulia jinsi yeye na wenzake, wakiwa safarini kwa basi, walivyokatazwa kukaa mgahawani na kunywa vinywaji vyao kwa sababu ya rangi yao. Picha ya siku ile ingeonyesha vijana wa Kiafrika wamesimama nje ya mgahawa, labda wakitabasamu. Sababu ya kusimama nje isingeonekana, wala uzito ambao jambo hilo lingepata kwa mwanamke aliyekuja kupambana na dola nchini mwake. Picha hutunza sura ya jambo. Maana yake hutungwa na mtu.

Lipo na lalamiko kuwa huu ni mchezo wa wenye nafasi. Selim bin Abakari, Mkomoro, alikuwa mtumishi wa Mjerumani. Alizunguka naye Urusi na Siberia mwaka 1896, na simulizi lake la Kiswahili likachapishwa 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten. Hakungoja utajiri. Leo walio na hazina kama yake ni wengi: mabaharia, wafanyakazi wa Ghuba, wanafunzi waliotawanyika India, Urusi na Marekani. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda Marekani katika mpango wa Tom Mboya. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amepita 85. Kwa hiyo, ewe uliyewahi kuvuka bahari ukiwa kijana, wiki tulivu ikikujia usiipishe. Andika, sahihisha, ulizia wenzako. Nawe mwenye babu au bibi aliyesafiri, nunua daftari, uketi naye mwezi huu.