Dripu, paklobutrazoli na hesabu ya maji iliyokatwa katikati

Ushauri wa kilimo cha kisasa cha matunda huja kama kifurushi: weka dripu, miti ikikua ovyo tumia kidhibiti ukuaji, utaokoa maji na matunda yataongezeka. Kwa mkulima wa parachichi, nusu ya habari hii ni kweli. Mizizi mingi ya parachichi iko juu juu, kwenye sentimita 60 za kwanza, na haipendi kulowa. Udongo ukituamisha maji, Phytophthora cinnamomi inaiozesha. Maji kidogo kidogo yanaufaa. Hapo sina ubishi.

Ubishi unaanza kwenye neno "kuokoa". Mwaka 2017 Chris Perry na Pasquale Steduto waliandika ripoti ya FAO wakiuliza swali hilohilo, na jibu lao, kwa kifupi, ni kwamba shambani ndiyo, kwenye bonde zima mara nyingi hapana. Mkulima akibakiwa na maji, anaongeza shamba. Sasa chukua mfongo. Mfereji wa udongo wa Wachagga unavuja, kila mtu anajua, lakini maji yale hayapotelei hewani yote. Mengine yananywesha migomba ya kihamba cha chini, mengine yanazama ardhini kulisha chemchemi. Ukiyafungia kwenye bomba halafu ukapanda ekari mbili zaidi, jirani wa chini ndiye aliyelipia dripu yako. Maji yasiyorudi mtoni ni yale yanayotoka kama mvuke kwenye majani.

Ndiyo maana, kusema kweli, paklobutrazoli inanivutia kuliko dripu. Inazuia mti kutengeneza jibereli, homoni inayorefusha matawi. Majani yakipungua, mvuke nao unaweza kupungua kweli.

Shida ni kwamba ikimwagwa kwenye udongo hukaa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kwenye bustani ya maembe matupu hilo linavumilika. Kihambani, chini ya parachichi kuna mgomba, kahawa, magimbi na majani ya ng'ombe, mizizi imeshikana, na mgomba nao unahitaji jibereli. Ukinyunyiza juu ya majani unapunguza hatari, ila matone yanadondokea kahawa. (Na kahawa ya nani? Mara nyingi ya mama mwenye shamba, si ya aliyeleta dawa.)

Kwa hiyo mtu akiniambia teknolojia fulani inaokoa nusu ya maji, nauliza: umepima wapi, getini kwa mkulima au mtoni? Kibali cha maji kinaandika unachochota. Ningependa kiandike na unachorudisha.