Maiti Inapochunguzwa Mara ya Pili

Uchunguzi wa pili wa maiti huitishwa pale wa kwanza ulipoacha mashaka. Mwili ukiwapo, daktari hufungua upya mshono wa mwenzake. Ukiwa umeshazikwa, hubaki faili na picha, nazo si haba kwa jicho lenye subira.

Septemba 1961, vita vikirindima Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikuwa akienda Ndola, Zambia ya leo, kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo. Ndege ikaanguka usiku wa kuamkia tarehe 18. Maiti zilipigwa eksirei, na walinzi wawili wakakutwa na risasi mwilini. Risasi iliyopita kwenye mtutu hutoka na mikwaruzo yake. Hizi hazikuwa nayo, ikaamuliwa kuwa zililipuliwa na moto.

Wengi hawakuridhika, na haki yao. Mwaka 2013 wataalamu walilisoma faili upya kwa tume ya Jaji Stephen Sedley, wasione dalili kwamba Hammarskjöld alipigwa risasi: majeraha yake yalilingana na ajali. Kilichoiangusha ndege ni swali jingine, nao, kwa uungwana wa fani yao, hawakujifanya kulijibu.