Utepe Kwanza, Mota Baadaye

Anayekuuzia msumeno wa utepe wa mtumba atakuonyesha mota kwanza. Ataichomeka kwenye umeme, itavuma, naye atakutazama usoni aone kama umeridhika. Mwache avumishe. Mota ikiungua, hapa Makambako hakosekani mtu wa kuisuka upya. Shida ya mashine hizi ndogo za mezani ni ule utepe wenye meno, na ndio unaotakiwa kuamua kama utatoa pesa au utaondoka.

Historia yake yenyewe inasema hivyo. William Newberry wa London alipata hataza ya msumeno huu mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kwa miongo kadhaa haukuwa na faida kwa mtu. Hakuna aliyejua kuunga ncha mbili za chuma chembamba zikastahimili kupinda na kunyooka mfululizo bila kukatika. Mfaransa mmoja, mwanamke, Anne Paulin Crépin, ndiye aliyepata njia ya kuunga mwaka 1846, na kampuni ya Perin ya Paris ikainunua haki yake.

Kwa hiyo nenda na futi. Legeza skrubu ya kukazia mpaka gurudumu la juu likae katikati ya mwendo wake, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la juu hadi cha chini. Zidisha mara mbili, ongeza mzingo wa gurudumu moja. Mashine yenye magurudumu ya mm 200 na vitovu vilivyoachana mm 398 inataka utepe wa karibu mm 1,424. Bila namba hiyo utarudi nyumbani na utepe usioingia.

Urefu peke yake hautoshi. Tepe wanazotumia wenye viwanda vya mbao ni pana na nene, na kishawishi cha kuomba kipande kilichobaki ni kikubwa. Kikatae. Gurudumu dogo linaupinda utepe kwa ukali zaidi, kwa hiyo linataka chuma chembamba, kiasi cha mm 0.36. Ukiweka wa mm 0.6 utakata vizuri siku ya kwanza, halafu nyufa ndogo zitaanza kwenye mabonde kati ya meno, na siku moja utasikia mlio kama wa bunduki ndani ya kifuniko.

Utepe mwembamba ukikatika, fundi anayelehemu kwa fedha anaweza kuuunga. Kazi nzuri utaiona kabla ya moto: ncha zote mbili zinasagwa mshazari kwa pamoja, moja juu ya nyingine, ili miteremko ilingane hata kama mkono umeyumba. Kisha boraksi, kipande cha fedha katikati, moto wa taratibu. Kikishapoa, kiungo kinasuguliwa kirudi unene wa utepe. Pitisha kucha, ikikwama, rudisha kazi.

Baada ya utepe, tazama mipira iliyovishwa magurudumu. Kwenye mashine iliyokaa bandarini na stoo kwa miaka, huwa migumu na imechanika. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapita hapa mjini, hivyo tyubu chakavu za lori hazihitaji kutafutwa. Ilaze tyubu bapa, upime upana wake, uzidishe mara mbili: huo ndio mzingo wa pete utakayokata. Uwe mdogo kidogo kuliko wa gurudumu ili mpira ubane. Gundi ya viatu inatosha. Mwishowe zungusha gurudumu na ushikilie msasa pembeni kwa pande zote mbili, katikati pabaki pameinuka kidogo, kwa sababu muinuko huo ndio unaouweka utepe njiani.

Umeme sasa. Mashine ya Japani ni ya volti 100 na mara nyingi imeandikwa 50/60, kwani Tokyo wana hezi 50 na Osaka 60. Transfoma ya kushusha kutoka 230 inamaliza kazi. Ya Marekani, volti 120 na hezi 60, ina mtego. Mota isiyo na kaboni itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na ukiilisha 120 kwenye hezi zetu 50 itachemka. Ipe 100.

Je, itapasua mbao zetu? Kwa kiasi. Msindano uliopasuliwa juzi na dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo, na kuletwa ukiwa mbichi unabana utepe na kuupaka utomvu. Tumia meno makubwa, matatu au manne kwa inchi, na ufute utepe kwa mafuta ya taa. Muwati, ule ambao kampuni ya TANWAT ilianza kuupanda Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya maganda yake, ni mgumu zaidi na unataka subira. Anayetaka kupasua mbili kwa sita kutwa nzima amenunua mashine isiyo yake. Hii ni ya miguu ya viti, mipini, migongo ya vitanda yenye mapindo. Utepe wa mm 6 unapinda kwenye nusu kipenyo cha karibu mm 16, na chini ya hapo unajipinda wenyewe.

Ukiona utepe unakwenda upande kila unapopasua kwa kuegemeza mbao kwenye ukuta wa meza, usiukaze tu. Chora mstari, kata kwa mkono huru hadi nusu ya ubao, simamisha mashine bila kuusogeza ubao, kisha geuza ukuta uendane nao. Utepe ukiendelea kwenda upande, meno ya upande mmoja yamekuwa butu, pengine yaligusa msumari. Kwenye mbao za mtumba za makasha misumari hujificha, hivyo sumaku ya spika chakavu inayopitishwa juu ya ubao ni nafuu kuliko utepe mpya.