Hoja Ikae Wapi? Aya ya Kiingereza, Kituo cha Shairi na Kalamu Nyekundu

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki kitu kidogo zaidi, ambacho kila mmoja wetu amekiandika na sijaona aliyekihakiki: aya ya Kiingereza ya mwaka wa kwanza, ile tuliyofundishwa katika kozi ya stadi za mawasiliano. Atakayecheka na acheke. Lakini aya hiyo ndiyo iliyoamua nani apite na nani apate sapu, na kitu chenye nguvu namna hiyo kinastahili kutazamwa fani na maudhui yake kama kazi nyingine yoyote.

Desa letu lilikuwa ukurasa mmoja tu. Lilisema aya huanza na sentensi kuu inayotaja hoja. Zifuate sentensi tatu hadi tano za kuunga mkono, kila moja na neno lake la kuunganisha: kwanza, pili, zaidi ya hayo. Mwisho ifungwe kwa sentensi inayorudia hoja kwa maneno mengine. Basi. Imetoka wapi kanuni hiyo na kwa nini iwe hivyo, hatukuambiwa.

Kanuni hii ina historia. Alexander Bain, mtoto wa mfumaji wa nguo, alikuwa profesa wa mantiki na Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland. Mwaka 1866 alichapisha kitabu cha utungaji wa Kiingereza, na ndani yake akaweka kanuni za aya. Mojawapo inasema sentensi ya kwanza itegemewe kuonesha aya inahusu nini, isipokuwa kama ni wazi kwamba sentensi hiyo inaandaa njia tu. Tazameni hapo: Bain mwenyewe aliacha mlango wazi. Desa letu liliufunga. Na mwaka 1974, Mmarekani Richard Braddock alipochunguza insha za waandishi wa kulipwa katika magazeti ya kwao, alikuta kwamba katika kila aya 100, kama 13 tu ndizo zinazoanza na sentensi kuu. Yaani wenye lugha yao hawaifuati sana kanuni tunayohukumiwa nayo sisi.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Zoezi langu la kwanza tuliambiwa tuandike kuhusu soko. Niliandika kwa Kiingereza cha kuungaunga, na kwa Kiswahili maana yake ilikuwa hivi:

"Alfajiri mama muuza nyanya hupanga mafungu ya nne nne. Jua likipanda, fungu huwa la nyanya tano. Alasiri huongeza ya sita, na anapoona wenzake wanakunja maturubai hangoji kuulizwa bei, huita wateja mwenyewe. Nyanya ni zile zile. Kinachopungua ni saa."

Nilipata 4 katika 10. Pembeni kwa kalamu nyekundu: "Sentensi kuu iko wapi?" Nikaambiwa nirudie. Nikaanza: "Bei ya nyanya sokoni hutegemea saa zilizobaki kabla ya jua kuzama." Kisha kwanza, pili, tatu, na kwa kumalizia nikasema tena kuwa bei hutegemea saa. Nikapata 8.

Mwaka ule nililalamika bweni zima. Leo, kama mhakiki, lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili. Aya ya pili ina faida. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi anajua tangu mstari wa kwanza anachopelekewa, na akichoka katikati hatapotea. Aya ya kwanza inamdai msomaji subira, na malipo yake yako mwishoni. Lakini inamfanya msomaji aone nyanya kabla ya kuambiwa, hata hoja ikifika ameshakaribia kuigundua mwenyewe. Katika aya ya pili ile nyanya ya sita ilikufa, kwa kuwa nilishaitangaza kazi yake kabla haijaingia jukwaani.

Kwa nini mimi niliiweka hoja mwisho bila hata kufikiri? Jibu la haraka liko kwa Robert Kaplan, ambaye mwaka 1966 alichora mistari kuonesha jinsi watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga mawazo: Mwingereza mstari ulionyooka, wengine wote wanazunguka au wanapinda. Mchoro huo ulishutumiwa sana, na mwaka 1987 Kaplan mwenyewe aliirudia hoja yake na kuipitia upya. Mimi siununui. Tangazo la kifo redioni huanza na nani anasikitika na nani amefariki. Habari za mazishi na jamaa wa kujulishwa hufuata. Hapo Mswahili hazunguki hata kidogo. Lakini barua ya Mswahili yuleyule itakujulia hali wewe na jamaa zako wote kabla ya "baada ya salamu".

Mfano mzuri zaidi uko kwenye shairi la mishororo minne. Kuna mwanzo, mloto, mleo, halafu kituo. Mshororo wa nne hauitwi kituo bure: mara nyingi ndipo uzito wa ubeti unapotua, na ukirudiwa beti zote unakuwa kibwagizo ambacho wasikilizaji wanakingoja. Aliyekulia kwenye mashairi ya magazetini na redioni amezoea kuvuta subira hadi hapo. Basi mimi nilikuwa nimeandika ubeti bila vina. Sikukosa mpangilio. Nilikuwa na mpangilio wa fani nyingine, na mwalimu hakuuona kwa sababu hakuutafuta.

Kosa langu la kweli lilikuwa jingine, na kalamu nyekundu haikuligusa. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu lile soko: deni la yule mama, dalali anayemkopesha, ushuru. Sikuyaandika kwa kuwa sikuwa na Kiingereza chake. Niliandika nilichokuwa na maneno yake. Hapa ndipo suala linapokuwa zito kuliko alama. Tunasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza tunarushwa kwenye Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, haikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi, hata wa chuo kikuu, hakitoshi kusomea. Mtu akifika chuo kikuu katika hali hiyo, kiolezo cha aya kinamsaidia kama mkongojo. Sina ugomvi na mkongojo. Ugomvi wangu ni kuambiwa kwamba huo ndio mguu. Kiolezo kinamruhusu mtu apate 8 bila kufikiri lolote, mradi kwanza, pili na tatu zipo.

Nilidhani mimi niko upande wa wanyonge katika jambo hili. Mwaka wangu wa tatu tukajitolea kuwasaidia wa mwaka wa kwanza. Binti mmoja kutoka Pemba alileta aya kuhusu bibi yake anavyosuka ukili na kushona mkeka. Nilikuwa na karatasi nyingine kumi mezani. Nikasoma sentensi mbili, nikachukua kalamu, nikaandika pembeni: "Sentensi kuu iko wapi?" Akaiangalia karatasi, kisha akaniuliza kwa adabu tu, "Kaka, hoja si ipo pale mwisho? Ulifika?"

Sikuwa nimefika. Mwishoni aliandika kwamba bibi yake akinunua mkeka wa mtu mwingine huugeuza kwanza, kwa maana kazi hupimwa upande usiokaliwa. Ilikuwa aya bora kuliko zote nilizosoma siku ile. Nilimwomba radhi, lakini alama nyekundu ilishabaki kwenye karatasi yake.

Kwa kuhitimisha, sisemi kanuni itupwe. Mtihani una msomaji wake, na anayejua kuitanguliza hoja akitaka ana silaha moja zaidi. Ninachodai ni kwamba aya ifundishwe kama fani. Tusomeshwe aya halisi za waandishi, zenye hoja mwanzo na zenye hoja mwisho, tujadili kila moja inamfanyia nini msomaji. Shaaban Robert alitutungia Kielezo cha Insha tangu 1954. Kwa nini mwanafunzi asilinganishe insha za lugha mbili mezani pamoja? Turuhusiwe pia kuifikiri hoja kwa Kiswahili kwanza, na Kiingereza kitafutwe kwa ajili yake, ili yule dalali na ushuru wake viingie kwenye aya.

Na wenye kalamu nyekundu, nikiwemo mimi, tufike mwisho kwanza kabla ya kuuliza hoja iko wapi.